Mvua za Kwanza Katika Ruaha Mdogo

Chini ya kilima cha mji wa Iringa, mahali paitwapo Ipogolo, hupita mto Ruaha Mdogo. Mto huu hutoka nyanda za juu za Mufindi, penye ukungu na baridi, nao huenda kuungana na Ruaha Mkuu upande wa Mtera. Mwisho wa kiangazi maji yake hupungua, mawe yakaonekana, na mvuvi aweza kushinda kutwa asipate kitu ila jua la utosi. Lakini mvua zikianza, nazo huku kwetu huanza mwezi wa Novemba au Desemba, mto hugeuka rangi ya udongo, na habari hupita nyumba kwa nyumba kwamba samaki wanapanda.

Mimi hupenda kuvua kwa ufito na mshipi. Chambo changu ni nyungunyungu, na chelezo changu ni kipande cha bua la mahindi. Wako wanaonicheka, kwa kuwa mwenye mgono hulala usingizi nyumbani kwake na samaki huingia wenyewe. Hayo ni kweli. Lakini mwenye mgono hajui raha ya kuona chelezo kikizama.

Wanafunzi huniuliza kwa nini hatuvui trauti hapa, maana wamesikia ya kuwa wako katika vijito vya Mufindi. Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Scotland, na baadaye Wazungu walitia samaki hao katika vijito vya baridi vya nyanda zetu pia. Samaki huyu hutaka maji ya baridi, safi, yaendayo mbio. Jike hufukua kishimo katika changarawe kwa mkia wake, akataga humo, na mayai hukaa majuma mengi kabla ya kuanguliwa. Matope yakiyafunika, hufa. Hapa Ipogolo maji ni ya vuguvugu kwake, na matope ni mengi.

Samaki wetu ni kambale, naye ana tabia nyingine kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, huacha mto usiku na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji, akataga mayai yanayonata juu ya majani hayo. Baada ya siku moja au mbili huanguliwa. Ana haraka, kwani maji yale yaweza kukauka upesi.

Nimesoma ya kuwa huko Scotland sheria hufungua msimu wa trauti tarehe 15 Machi na kuufunga tarehe 6 Oktoba. Samaki yule hutaga wakati wa baridi. Basi mvuvi huanza kuvua baada ya uzazi kwisha. Kwetu mambo ni kinyume. Msimu wetu huanza siku ile ile kambale anapokwenda kutaga, naye huvuliwa mlangoni mwa nyumba ya uzazi, tumbo likiwa limejaa.

Hata mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nalimkuta mzee mmoja akiponda majani ya utupa kando ya mfereji uingiao katika majani. Sumu ya utupa huingia kwa matamvua, ikauzuia mwili wa samaki kutumia hewa. Kambale mkubwa huweza kuvumilia kidogo; bali vitoto hufa vyote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, naye alijua.

Nikamsalimu, "Kamwene, baba." Akaitika. Nikamweleza habari ya mayai. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe una mshahara. Samaki hawa huja wakati ghala yangu ni tupu na mahindi shambani hayajafika magotini. Wajukuu wangu wangojee nini?"

Sikuwa na jibu la upesi, wala sidhani kwamba mtu mwenye haki angekuwa nalo. Miezi ile ndiyo ya njaa. Nikamwomba tu apasue kambale mmoja aliyekuwa kikapuni mwake. Mayai yakamwagika, elfu kwa elfu, madogo kama punje za ulezi. Akayatazama, akayagusa kwa kidole. Akasema, "Haya nimeyaona tangu utoto. Ila sikuyahesabu kuwa samaki."

Hakuniahidi neno. Utupa ule aliokwisha kuuponda aliutupa juu kichakani, mbali na maji, akaenda zake. Mwaka uliofuata nalipita pale mvua za kwanza ziliponyesha. Alikuwa ameweka migono miwili upande mmoja wa mfereji, na upande wa pili ameuacha wazi. Tukasalimiana. Akaniuliza kama ufito wangu umeua hata mmoja, nami nikamwonyesha kambale wawili. Yeye alikuwa nao saba.