Behewa la Zamani Katika Milima ya Uskoti

Mji wa Fort William umo kaskazini-magharibi mwa Uskoti, chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, wenye kimo cha mita 1,345. Ifikapo majira ya joto, abiria hujaa katika stesheni ya mji huo, na watoto wao mikononi, wakingojea garimoshi la mvuke liendalo Mallaig, bandari ya wavuvi iliyo umbali wa kilomita 66 hivi. Wengi huja kwa ajili ya injini. Lakini mabehewa yaliyo nyuma yake nayo yana historia yake, tena historia iliyoandikwa kwa damu.

Mnamo tarehe 1 Januari 1948, serikali ya Uingereza ilitaifisha reli zote kubwa. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa kampuni nne, na kila moja ilikuwa na mabehewa ya mtindo wake. Shirika jipya likaamua kuunda behewa la namna moja kwa nchi nzima. Behewa hilo, lililoitwa Mark 1, lilianza kazi mwaka 1951. Urefu wake ulikuwa karibu mita 20, na mwili wake ulikuwa wa chuma uliosimamishwa juu ya fremu nzito. Viungio vyake viliyashika mabehewa kwa nguvu, ili yakigongana lisipande moja juu ya jingine.

Haja ya nguvu hiyo ilionekana upesi. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1952, katika stesheni ya Harrow na Wealdstone karibu na London, treni ya usiku iliyotoka Uskoti iliigonga kwa nyuma treni ya wafanyakazi iliyokuwa imesimama. Punde treni ya tatu ikayavamia mabaki yao. Watu 112 walipoteza maisha, na mabehewa ya nyuma ya ile treni iliyosimama yalipondwa kabisa. Miongoni mwake yalikuwamo ya zamani yenye miili ya mbao.

Abiria wa Mallaig huyafikiri hayo kwa nadra. Ndani ya behewa kuna viti vipana vyenye sponji, meza, na taa za manjano. Katika mabehewa mengine ya aina hiyo kuna vyumba vidogo vya watu sita au wanane, na ujia mwembamba kando yake, ambamo familia huweza kujifungia na chakula chake kana kwamba iko nyumbani. Katika yale ya awali, kuta zilipambwa kwa mbao za miti ya nchi za Jumuiya ya Madola, na kibao kidogo kilitaja jina la mti na nchi ulikotoka.

Garimoshi likifika Glenfinnan hupunguza mwendo. Hapo pana daraja la matao 21, lenye kimo cha mita 30 hivi, lililojengwa kwa zege tupu, na reli yake ikafunguliwa mwaka 1901. Kwa kuwa daraja limepinda, aliye behewa la nyuma huiona injini mbele yake ikitoa moshi, na ziwa la Shiel likilala bondeni.

Hata hivyo, kilicho imara leo chaweza kuwa dhaifu kesho. Tarehe 12 Desemba 1988, huko Clapham Junction, London, waya wa ishara ulioachwa bila kukatwa ulisababisha treni kugongana, na watu 35 wakafa. Treni hizo zilikuwa za ukoo wa Mark 1. Ikadhihirika kwamba fremu ile nzito, iliyosifiwa zamani, iliweza kuuchana mwili wa behewa jirani. Kanuni za mwaka 1999 zikaamuru mabehewa hayo yaondolewe katika safari za kawaida. Kufikia mwisho wa mwaka 2005 yalikuwa yametoweka katika njia kuu za kusini mwa Uingereza, na tawi dogo la Lymington likaendelea nayo hadi mwaka 2010. Yaliyosalia yakabaki katika reli za kumbukumbu na safari za watalii.

Hata huko hayakuachwa hivi hivi. Milango yake ilikuwa ya bawaba. Abiria alishusha kioo, akatoa mkono nje, akazungusha kitasa mwenyewe, hata kama treni ilikuwa bado yaenda. Msimamizi wa reli alidai makomeo yanayofungwa yote pamoja na mfanyakazi wa treni. Kampuni ya safari za Mallaig ilipinga, ikasema gharama ni kubwa mno, na mwezi Desemba 2023 mahakama kuu ikaikatalia. Mwaka 2024 safari zilisimama kwa muda, kisha zikaanza tena.

Wapo waliosikitika, wakisema kwamba kishindo cha mlango ule kilikuwa sehemu ya safari. Huenda ni kweli. Lakini mzazi ateremkaye Mallaig, akawahesabu wanawe jukwaani na kuwaona wote wametimia, hana haja ya kukililia kitasa.