Kombi Kuukuu Katika Barabara ya Kisoro

Barabara itokayo Kampala kuelekea kusini-magharibi ya Uganda huanza kwa upole na kuishia kwa ukali. Mpaka Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 270, dereva hana kubwa la kuhofia isipokuwa malori na haraka za mabasi. Lakini akishapita Ntungamo na kuanza kupanda kwenda Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hapo ndipo gari huanza kuulizwa maswali. Na baada ya Kabale hubaki kilomita zipatazo 80 za kupanda na kushuka, kuukata msitu wa Echuya, hadi kufika Kisoro chini ya milima ya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo. Ndugu msomaji, katika barabara hiyo tulisafiri kwa kombi ya Volkswagen iliyoundwa mwaka 1973, ambayo ndani yake mna kitanda, kabati la vyombo na jiko la gesi.

Gari la namna hii lilianza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, mwezi Machi 1950, na mwaka 1956 kazi hiyo ikahamishiwa Hannover. Tangu mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kutengeneza vyombo vya kambi vya kuwekwa ndani yake, na baadaye magari kamili ya kulala. Huku kwetu Afrika Mashariki kombi zilifahamika zaidi kwa kuwachukua watalii katika mbuga za Kenya, zikiwa zimekatwa paa ili mgeni asimame na kumtazama simba. Hii ninayoieleza ilikuwa mojawapo ya hizo. Tundu la paa lingali pale, ila sasa limefunikwa kwa bati lenye bawaba na turubai pembeni, na usiku hufunguliwa ili hewa ipite.

Mwenyewe ni polisi mstaafu, mzaliwa wa Kisoro. Aliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Mkewe alitaka fedha zile ziezeke nyumba yao kwa mabati, na wala hakuficha. Hata siku ya kuondoka aliingia garini akiwa amebeba bei ya mabati kichwani kama mtu aliyebeba mtungi. Walikuwa wamekwisha kupatana: kombi ikienda Kisoro na kurudi Kampala bila ya kuvutwa kwa kamba, itabaki nyumbani. Ikivutwa hata mara moja, itauzwa, na mabati yatanunuliwa. Kwa hiyo kila nati iliyokazwa katika wiki tatu zilizotangulia safari ilikazwa mbele ya hukumu hiyo.

Matengenezo yalifanyika Katwe, mtaa wa Kampala unaojulikana kwa mafundi wa chuma. Kijana mmoja aliyezoea magari ya Kijapani aliinua kifuniko cha nyuma, akachungulia kwa muda, kisha akasema, "Afande, hii wamekuibia rejeta."

"Hawakuiba, mwanangu," akajibiwa. "Hii hupozwa kwa upepo."

Na huo upepo ndio uhai wake. Injini iko nyuma, ina silinda nne zilizolala mbili mbili ubavuni, ukubwa wake ni sentimita za ujazo zipatazo 1,600, na ilipokuwa mpya nguvu yake ilikuwa ya farasi 50. Feni kubwa huzungushwa na mkanda mmoja tu, ikasukuma upepo ndani ya makasha ya bati yaliyozifunika silinda. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka mbele ya dereva. Katika magari mengine mtu huweza kujikongoja mpaka mji ujao akiwa na taa ile. Katika kombi asimame papo hapo, kwani feni nayo imesimama, na dakika chache za mwendo zatosha kuua injini.

Mafundi wengi wasioifahamu huyadhani yale mabati kuwa ni mapambo. Katika gereji moja ambamo gari hili lilipata kutengenezwa zamani, mabati mawili yalikuwa yametolewa yasirudishwe, na mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi ulikuwa umetupwa. Matokeo yake ni kwamba hewa moto itokayo chini ya injini hupanda tena juu, ikavutwa na feni ile ile, na injini ikapozwa kwa moto wake yenyewe. Mafundi wa Katwe walikata mabati mapya kwa kuigiza ya upande wa pili, wakayafunga kwa skrubu, na mpira ukapatikana. Ijapokuwa Ujerumani iliacha kuunda kombi za umbo hili mwaka 1979, Brazil iliendelea mpaka Desemba 2013, na vipuri vingi bado vinatengenezwa. Anayeuziwa kipuri kilichokwisha kutumika kwa bei ya kipya, kwa hoja kwamba vipya havipo duniani, na aulize mahali pengine.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni mipira ya petroli. Tangi liko mbele tu ya chumba cha injini, na kutoka hapo petroli hupita katika mabomba na vipande vya mpira hadi kwenye pampu na kabureta. Mpira ukizeeka hupasuka nyufa nyembamba chini ya kitambaa chake, mahali ambapo jicho halioni, kisha petroli hudondokea injini yenye joto. Kombi nyingi zilizoteketea duniani ziliteketea kwa njia hii, na kwa kuwa injini iko nyuma, dereva ndiye huwa wa mwisho kujua. Zaidi ya hayo, kasha la injini limesubiwa kwa madini mchanganyiko ya magnesiamu, ambayo yakishashika moto sawasawa, kuyamwagia maji ni kuyachochea. Mipira yote ilibadilishwa, ikafungwa kwa klipu, na kizima-moto cha unga kikawekwa karibu na kiti cha dereva, si nyuma pamoja na mizigo. Gharama ya mipira hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya pazia za madirishani.

Bodi ilichukua siku nyingi. Kombi haina chasisi ya kutenganishwa kama lori; bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Kwa hiyo kutu iliyo chini ya milango na mahali pa kuwekea jeki si ila ya sura tu, bali ni ugonjwa wa mifupa. Mahali pengine pa kuangaliwa ni chini ya betri, ambapo asidi hudondoka, na ndani ya matao ya magurudumu, ambamo tope la murami hukaa na unyevu wake. Bati lililooza hukatwa mpaka kwenye bati zima, ndipo jipya liungwe. Kufunika tundu kwa pati na rangi ni kumdanganya mnunuzi wa kesho.

Tuliondoka Kampala alfajiri. Mpambire, karibu na Mpigi, ngoma zilikuwa zimekwisha kupangwa kando ya barabara, kubwa kwa ndogo, na ngozi zimeanikwa. Kayabwe tulivuka mstari wa ikweta. Mbele kidogo ni bwawa la Katonga, ambapo mwezi Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja na kuikata barabara hii, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Lukaya tulinunua nyama ya kuchoma na gonja. Kila tuliposimama, watoto walitukimbilia na jerikeni la maji wakidhani injini imechemka, na ilikuwa vigumu kuwaeleza kwamba gari hili halinywi maji.

Usiku wa kwanza tulilala katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Punda milia walikuwa karibu, na usiku viboko walitoka majini kula majani, jambo linalomfanya mtu ashukuru kuwa na kuta za bati badala ya hema. Hapo ndipo nilipoona kazi ya mama mwenye gari. Kitanda kimejengwa juu ya sanduku la mbao, na mbele yake kiti ambacho mgongo wake hukunjuliwa. Godoro la sponji limekatwa vipande vitatu ili mchana liwe viti. Pazia ni za kitambaa kizito, zimepitishwa kwenye uzi wa springi juu na chini zisipeperuke. Vyandarua vimeshonewa sumaku ndogo ndogo ili vishike bati la dirisha. Sufuria huingiana moja ndani ya nyingine, na kati yake huwekwa kitambaa, kwa sababu kelele za sufuria katika barabara mbovu zaweza kumtia dereva wazimu. Yeye pia ndiye mwenye daftari. Humo ameandika tarehe ya kila oili, kila plagi na kila spea iliyomo sandukuni pamoja na bei yake, kwa mwandiko wa mtu anayekusanya ushahidi.

Taa na feni ndogo hutumia betri ya pili, iliyounganishwa kwa relei ambayo hukata waya injini ikizimwa. Watoto wakisahau taa usiku kucha, betri ya kuwashia gari haiguswi.

Mtungi wa gesi ya kupikia umefungwa kwa mkanda wa chuma ndani ya kabati lenye tundu sakafuni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, bali hutulia chini kama maji, ikingoja cheche. Lile tundu huiachia njia ya kutoka nje.

Kabale ni mji wa baridi. Usiku wa pili tulikuwa karibu na Ziwa Bunyonyi, lenye visiwa vyake 29 na vilima vilivyokatwa matuta ya kulimia hadi kileleni, na baada ya magharibi ukungu ulishuka. Mjukuu mmoja aliomba sigiri iingizwe garini, makaa yakiwa bado mekundu, ili wote waote moto. Bibi yake alikataa kabla sentensi haijaisha. Ningependa kila mama wa nyumba za askari alisome jambo hili mara mbili: makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, na katika chumba kidogo kilichofungwa, kama gari, watu hulala wasiamke. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuifanya sigiri iwe salama. Kombi nazo zina hatari nyingine inayofanana na hiyo, kwani joto la kupashia watu hutoka katika mabomba yanayozunguka moshi wa injini, na bomba likitoboka kwa kutu moshi huingia ndani. Ya gari hili yalikuwa yametoboka, kwa hiyo njia za joto zilizibwa kabisa Katwe. Watoto walilala na blanketi mbili mbili na soksi.

Kupanda kwenda Kanaba tulipanda kwa gia ya pili. Injini ya petroli yenye kabureta hupoteza yapata sehemu moja katika mia ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo wale farasi 50, ambao kwa umri hawakuwa tena 50, walikuwa wamepungua kwa moja ya tano. Malori yalitupita. Kisha mlima ukaisha ghafula, na mbele yetu ikatokea Muhabura, yenye mita 4,127, ikisimama peke yake juu ya mawingu, na bonde la Kisoro chini. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa mama, aliyeuliza kama breki ni nzima.

Swali lake lilikuwa mahali pake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na dereva anayekanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu huyapasha joto mpaka unyevu ule ukachemka, pedali ikazama hadi sakafuni bila ya kushika kitu. Kwa gari zito la kuishi, lenye maji, vyombo na watu sita, hatari huzidi. Mafuta yalikuwa yamebadilishwa yote, na mipira ya breki pia, kwani ya zamani ilikuwa imevimba kwa ndani. Mzee aliteremka kwa gia ile ile aliyopandia, akigusa breki kwa nguvu mara chache na kuiacha kabisa kati ya mguso na mguso. Tulifika chini magurudumu yakiwa na joto la kawaida. Mama alishuka akaweka kiganja karibu na kila moja kuhakikisha.

Asubuhi ya Kisoro, kabla ya injini kuwashwa, nafasi za vali zilipimwa. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, nazo zatakiwa kuwa milimita 0.15. Moja ilikuwa imebana. Vali iliyobana haigusi kiti chake sawasawa, joto lake halitoki, ikaungua au ikavunjika kichwa. Ililegezwa kwa dakika tano. Oili nayo, lita mbili na nusu tu kwa injini nzima, ilitazamwa, ikaongezwa kidogo.

Wakati wa kurudi, kilomita chache kabla ya Lukaya, pedali ya mafuta ililala chini na injini ikabaki ikinguruma polepole. Waya wa aksileta, unaotoka miguuni mwa dereva hadi nyuma kabisa, ulikuwa umekatika. Lori la mchanga likasimama, utingo akashuka na kamba mkononi. Mama alimtazama utingo, akaitazama kamba, kisha akafungua daftari na kusoma: waya wa aksileta, mmoja, sanduku la kushoto, chini ya jeki. Mzee alilala chini ya gari juu ya gunia. Baada ya dakika 40 tuliendelea na safari, na utingo alipewa gonja kwa usumbufu wake.

Kampala tuliingia saa moja ya usiku. Waya mwingine wa akiba ulinunuliwa kesho yake, na bei yake ikaandikwa.