Bei ya Mgomo wa Farmville

Mnamo tarehe 23 Aprili 1951, katika mji mdogo wa Farmville, jimbo la Virginia nchini Marekani, mkuu wa Shule ya Upili ya Moton alipigiwa simu akaarifiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wake walikuwa mashakani na polisi katika kituo cha mabasi. Alitoka mbio kwenda kuwanusuru. Simu ile ilikuwa hila. Huku nyuma wanafunzi waliitwa ukumbini, na pazia lilipofunguliwa, aliyesimama jukwaani hakuwa mwalimu bali Barbara Johns, msichana wa miaka 16.

Aliwaambia waliyoyajua. Shule yao, iliyotengewa watoto weusi, ilijengewa wanafunzi 180, ilhali sasa walizidi 450. Baadhi walisomeshwa katika vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami. Mvua iliponyesha, walifungua miavuli darasani ili madaftari yasilowe. Sheria ya wakati huo iliuita mpango huu utengano wenye usawa. Maskini neno usawa!

Wakagoma majuma mawili. Walichotaka mwanzoni ni jengo bora tu. Mawakili wa chama cha NAACP ndio waliowashauri wadai kuondolewa kwa utengano wenyewe. Kesi yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 17 Mei 1954, ubaguzi katika shule za umma ulipoharamishwa.

Wasimuliaji wengi hukomea hapo, kwa vifijo. Hata hivyo, mwaka 1959, wilaya hiyo ya Prince Edward ilipoamriwa kutii, viongozi wake waliona heri kufunga shule zote za umma. Watoto weupe wakafunguliwa shule ya kibinafsi. Weusi, takriban 1,700, wakaachwa: wapo waliopelekwa kwa jamaa wa mbali, wapo waliofunzwa makanisani, na wapo ambao hawakusoma kabisa. Shule zilifunguliwa tena mwaka 1964. Aliyekuwa na miaka saba alikuwa sasa na kumi na miwili.

Yamkini yuko atakayesema kwamba mgomo ndio uliowaponza. Lakini mlango haukufungwa na waliobisha hodi.

Mwaka 2004 jimbo la Virginia lilianzisha ufadhili wa masomo kwa waliofungiwa shule. Yule mtoto wa miaka saba alikuwa na miaka 52.