Nilivyojifunza upya kusimama baada ya kiharusi

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo siandiki kuhusu mbolea wala bei ya mpunga. Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi nikija majarubani natembea polepole kama mtu aliyedondosha sindano. Ngoja niwaeleze.

Kiharusi kilinipata asubuhi nikivaa viatu. Mkono wa kushoto ulilegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka kama ya mlevi. Presha nilikuwa nayo kwa miaka, na vidonge nilikuwa nikimeza siku nikikumbuka. Hapo sina wa kumlaumu. Jirani alisema nimetupiwa kitu, nipelekwe kwa mganga. Mke wangu hakubishana naye, aliita bajaji tukaenda hospitali.

Niliporudi nyumbani niliweza kutembea, ila nikiyumba. Nikajiambia nguvu zitarudi kwa kujilazimisha. Nikawa naenda hadi barabarani na kurudi kwa haraka, fimbo nimeiacha ndani kwa aibu. Siku moja nikateleza kwenye kingo ya jaruba mbele ya wakulima niliokwenda kuwaelekeza kupandikiza miche, nikatumbukia kwenye tope mzima mzima. Mzee mmoja aliniinua, akasema, "Bwana shamba, pole. Kapumzike tu." Alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia kwamba kazi yangu imekwisha. Bwana shamba asiyeweza kupita kwenye kingo atamfundisha nani?

Nilirudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanisimamisha, akanitazama kidogo, akasema, "Uzito wote umeuweka kulia. Mguu wa kushoto umeufanya mgeni." Kweli. Mguu ule haukukosa nguvu tu, nilikuwa nimeacha kuuamini.

Akanifundisha miondoko michache ya taichi, mazoezi ya Wachina yanayofanywa polepole sana huku akili ikifuata mwili na pumzi. Tafiti zimeonyesha kuwa yanawasaidia wazee, na hata watu waliopata kiharusi, kusimama na kutembea bila kuyumba sana. Hayahitaji kifaa. Watoto wangu walicheka, wakasema baba anacheza karate ya usingizini.

Nafanya hivi. Nasimama nyuma ya kiti kizito kisichoteleza, mikono juu ya egemeo, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Macho mbele, si chini. Natoa pumzi taratibu huku nikihamisha uzito kwenda kushoto, mpaka nihisi unyayo wote umekanyaga sakafu, kisigino na vidole. Nabaki hapo kidogo, kisha narudi kulia. Baada ya wiki kadhaa nikaongeza hatua: kisigino kinatangulia kugusa chini, unyayo unafuata, na uzito unakuja mwisho kabisa. Ukiharakisha umeharibu. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Mke wangu alikuwa akisimama upande wangu wa kushoto, maana mtu huangukia upande ulio dhaifu.

Usianze kabla mtaalamu hajakuangalia. Kizunguzungu kikija, kaa chini. Na vidonge vya presha viendelee kila siku, mazoezi hayachukui nafasi yake. Ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, usingoje kesho wala usimpitishe kwingine. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Mwezi wa tatu nilipita tena kwenye kingo ileile, yule mzee akiwa upande wa pili. Nilitanguliza kisigino, nikasubiri, nikahamisha uzito. Ilichukua muda mrefu mpaka akachoka kunisubiri, akaendelea kung'oa magugu yake. Pikipiki bado sijaruhusiwa kuendesha, na mvua ikinyesha nachukua fimbo. Kwa hiyo mkiniita shambani, nipeni nusu saa zaidi, nitafika.