Matuta ya Uluguru



Juma hili nimekuwa nikitafakari juu ya chakula kinachotulisha hapa Morogoro Mjini. Kutoka Mgeta hutujia kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Kutoka Kinole na Matombo hutujia ndizi, pilipili manga na mdalasini. Magimbi na mihogo hushuka karibu kila upande wa mlima, na mara nyingi hushuka vichwani mwa akina mama walioanza safari kabla ya jua kuchomoza.

Nalitafakari jambo hili kwa sababu nimesikia waamini wetu wakisema kwa ukali kwamba wakulima wa mlimani ndio wanaotuharibia maji, na kwamba dawa ni kuwaondoa. Hofu yao naielewa. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, hupokea maji yake kutoka milima hiyo, na udongo unaomomonyoka huishia mitoni. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuijue historia ya watu hao.

Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ilikuwa mali ya lukolo, yaani ukoo unaofuata upande wa mama. Aliyelima alijua kwamba wengine walikuwapo kabla yake na wengine wangekuja baada yake. Huko Mgeta wakulima walichonga vidaraja vidogo kwenye miteremko, wakayalaza magugu waliyoyang'oa, kisha wakayafukia kwa udongo uliotoka juu kidogo. Magugu yakioza yalirutubisha shamba, na vidaraja viliyapunguzia maji ya mvua kasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wake. Watu walilazimishwa kuchimba matuta makubwa ya ngazi, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito. Tena mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule usiofaa ukabaki juu, na mavuno yakapungua. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Je, Waluguru walichukia kuhifadhi udongo? La hasha. Mwishoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Kibungo Juu walishirikishwa katika mradi wa kutunza vyanzo vya maji. Walichimba matuta, wakapanda miti, nao wakalipwa kwa huduma hiyo. Shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa waliochangia malipo. Mlima ulikuwa ule ule na jembe lile lile, ila safari hii mkulima aliketi mezani kama mshiriki na jasho lake likathaminiwa.

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alikabidhiwa mtu mmoja. Sisi wa mjini mara nyingi tunazitenga: tunataka mkulima atulishe kwa bei ya chini, kisha tunamdai autunze mlima kwa ajili yetu bila ujira wowote. Mama anayeuza fungu la njegere kwa hasara atapata wapi nguvu ya kuchimba matuta? Atalazimika kulima kipande kingine, juu zaidi, karibu na msitu.

Basi, wapendwa, nawaomba mambo mawili. Tuendapo sokoni, tusimkamue anayetulisha hadi senti ya mwisho. Haki ya mfanyakazi ni jambo la imani yetu. Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mjadala wa maji utakapozuka tena, tuwaalike ndugu zetu wa mlimani waje waseme wenyewe, nasi tuwasikilize kwanza.

Mama Maria, Mama wa Kanisa, atuombee. Nawatakia Dominika njema.