Kompyuta Iliyotaka Barua ya Sheha

Idd el-Fitri ya mwaka 2006 tuliondoka Louisville, tukampitia kijana wetu Columbus, tukaenda kula sikukuu kwa jamaa zetu Buffalo. Kijana alikuwa bado katika majaribio ya kazi, na ukurasa wa intaneti aliokuwa akiutengeneza ulitakiwa kesho yake.

Usiku akafungua kompyuta ya ofisi. Ilimpokea vyema, kwani Windows kwa desturi huhifadhi kumbukumbu za watu kumi wa mwisho walioingia. Lakini programu ya kutengenezea kurasa, kila alipoiamuru itafute makosa, ilikataa: ilitaka jina lake lithibitishwe na kompyuta kuu iliyobaki Columbus. Sisi tusiojua tukalaumu umeme, tukalaumu hata waya wa simu wa mwenyeji wetu.

Bibi yake akauliza, "Kwani nayo yataka barua ya sheha?"

Tulicheka, ila ndivyo ilivyokuwa. Kwa bahati kijana alikuwa na ruhusa ya kufungua jina jipya, la kompyuta ile peke yake, lisilohitaji kuulizwa ofisini. Akaingia kwa jina hilo; programu ikatii. Alipomaliza, tulikuwa tumekwisha kusali Alfajiri, na gari linangoja.