Ramani ya Shemeji

Mimi ni mtoto wa Malolo, Ruangwa, nchi ya mikorosho na ufuta, ambako samaki tuliyemfahamu vizuri ni yule aliyekwisha kauka. Dada yangu aliolewa Mbamba Bay, kwa mvuvi. Kwa kuwa nimesoma chuo na nafanya kazi ya habari, ukoo mzima umeniteua fundi wa kila chenye kioo na betri.

Ndiyo maana shemeji aliponunua GPS ya uvuvi, iliyotumika kidogo na yenye kipima kina, simu ya kwanza ilikuwa kwangu. "Shemeji, mashine inaonyesha bluu tupu. Nitafutie ramani ya ziwa."

Nikadhani ni kazi ya nusu saa. Nikaandika "Nyasa", hakuna kitu. Nikaandika "Malawi", ziwa likatokea lote. Kumbe hata kulitafuta ziwa lazima kwanza uchague upande.

Ramani ya kwanza ilichora mpaka ukipita ufukweni kwetu, kama ulivyo kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Kwa ramani hiyo, dada yangu akiingiza miguu majini kuosha sufuria ameshavuka nchi. Ya pili ilipitisha mstari katikati ya maji, kama serikali yetu inavyosema tangu enzi za Mwalimu. Mwaka 2012 jambo hili lilipamba moto, mambo ya utafiti wa mafuta, na mimi nilijikuta naanza kumsomea shemeji historia nzima kwenye simu. Akanikatiza: "Usipa haujui mpaka. Niambie mawe yako wapi."

Basi nikaacha mipaka, nikatafuta mawe. Pale Liuli kuna mwamba maarufu, Jiwe la Pomonda. Wajerumani waliuona unafanana na sanamu ya Sphinx wakaiita bandari Sphinxhafen. Nikaufanya mtihani: ramani isiyouona Pomonda haiwezi kuona jiwe dogo linalopasua mtumbwi. Ramani ya bei kubwa kuliko zote ilifeli. Ilikuwa na mistari ya kina mizuri, laini, bluu juu ya bluu, lakini palipo na mwamba iliweka maji. Mistari ile huchorwa kwa kuunganisha vipimo. Vipimo vikiwa vichache, kompyuta hujaza nafasi kwa kukisia. Na ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi mahali pake pa chini kabisa. Kukisia humo si mchezo.

Mtu wa kwetu anapaswa kuwa wa kwanza kuogopa makisio ya namna hiyo. Kabla ya mradi wa karanga wa Nachingwea kuanza, wataalamu wa Kiingereza walikagua sehemu kubwa ya ardhi wakiwa angani, ndani ya ndege. Kutoka juu kila kitu kilionekana kinafaa. Mwaka 1951 mradi ulikwisha, na baadaye hata reli iling'olewa.

Nilikuwa bado nalinganisha bei dada aliponyang'anya simu. Upepo mkali wa kusini huko wanauita mwera, na kwa kuwa sisi ni Wamwera, shemeji hutania kwamba wakwe zake ndio wanaomchapa. Siku hiyo dada hakuwa na utani. "Mwaka juzi mwera ulimkuta huko ndani. Nilisimama ufukweni na tochi mpaka kunakucha. Wewe unatafuta ramani ya samaki. Mimi nataka ya kumrudisha."

Uamuzi ukaisha hapo. Nilichukua ramani ya bure, inayochorwa na wajitoleaji, yenye ufukwe sahihi na Pomonda mahali pake. Haina kina hata kidogo. Pesa ya ile ya kununua tukanunulia majaketi ya kuokolea. Kisha nikapanda basi hadi Mbamba Bay ili kina tukiandike wenyewe.

Asubuhi mbili tulizunguka, yeye akitaja, mimi nikibonyeza. Jiwe linaloonekana kiangazi tu. Mahali injini ilipozima. Mwanya wa kuingilia usiku. Na pointi ya kwanza kabisa, aliyoichagua yeye mwenyewe: mlango wa nyumba.

Tulipofika sehemu moja akazima injini, akatazama milima miwili ikipangana, akanyamaza. Kioo kilikuwa kimejaa samaki. Kidole changu kikaenda kwenye kitufe.

"Hii usiiandike."

"Kwa nini, shemeji?"

"Mashine inaibiwa. Na wewe uliniambia wenye ramani wanaweza kuomba vipimo vya watu."

Kweli nilimwambia, siku nilipomfundisha kuzima sehemu ya kushirikisha data. Mimi ninayekula kwa kutangaza ya watu sikuwa na jibu. Nikaondoa kidole.

Sasa ramani yake ina pointi arobaini na moja, na palipo na samaki wengi kuliko pote ni bluu tupu, kama siku ya kwanza. Dada ameniambia pointi anayoijali yeye ni ile ya mlango. Usiku wa mwera bado anasimama ufukweni, lakini siku hizi, anasema, anarudi kulala kabla ya alfajiri.